Antena fupi ya HF ya kubeba: nusu ya kazi iko chini kwenye waya

Watu wengi wakinunua zile antena ndogo za HF (masafa mafupi, yanayotumiwa na wanaredio wa ridhaa) zinazoingia kwenye kibegi (JPC-12 ya Wachina, Buddistick, Super Antenna na nyingine za aina hiyo) macho yote yanaenda kwenye fimbo inayovutika na ile koili yake, wanasimamisha, SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, 1 ndiyo bora) inasoma 1.3, wanafurahi, wanaita CQ (mwito wa "yeyote anisikiaye") mpaka koo linakauka hajibu mtu, alafu wanasema antena fupi hazifai. Zinafaa sana tu. Shida iko kwenye zile waya nyembamba zilizokuja kwenye mfuko wa nailoni, ambazo wametandaza mbili au wameziacha nyumbani kabisa. Fimbo ya juu ni nusu ya antena, nusu nyingine ni hizo waya za chini, zinaitwa radiali, na ukizinyima nafasi basi wati zako zinaishia kupasha udongo joto.

Naongelea antena ya kusimama wima, ile yenye msumari wa kuchomeka ardhini, bomba fupi fupi za alumini, koili yenye ringi ya kusogeza, na fimbo ya kuvuta ya mita 2.5 hivi. Bomba nne pamoja na fimbo unapata kama mita 3.8 kwenda juu. Hiyo namba ishike kichwani maana ndio inakuambia koili inahitajika wapi. Antena ya wima inataka urefu wa robo ya wimbi, unaupata kwa kugawa 71.3 kwa masafa ya megahezi, kwa hiyo kwenye bendi ya mita 10 (28.4) ni mita 2.5, yaani fimbo peke yake inatosha, kwenye mita 15 (21.2) ni kama mita 3.4, fimbo na bomba tatu bila koili kabisa. Mita 17 unakaribia 3.9, hapo koili inaguswa kidogo tu. Mita 20 unataka mita 5 na mita 40 unataka mita 10, hapo sasa koili inafanya kazi ya kujazia urefu ambao huna, na kadiri inavyojazia zaidi ndio inavyokula nguvu zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza, anza na mita 10 na 15 mchana na jioni, sisi tuko jirani na ikweta na hizi bendi za juu huwa zinatupenda kuliko wenzetu wa kaskazini, na antena yako huko iko na urefu wake kamili. Mita 40 iache mpaka umeizoea.

Leseni sitaizungumzia sana, anayeitoa Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC, na kila mmoja anajua kolsaini yake (jina lake la hewani) inaanzaje, 5H, 5Z, 5X. Ila kwa kazi ya nje chapisha nakala uibebe mfukoni. Mtu akikukuta ufukweni na mlingoti na waya na kisanduku chenye taa atauliza maswali, ni haki yake, na karatasi inajibu haraka kuliko maneno. Mahali usipofahamika pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au mlinzi wa eneo, salimia, eleza. Kama ni hifadhi ya taifa omba ruhusa kabla hujafika getini.

Sasa kusimamisha. Kabla hujatoa kitu kwenye begi angalia juu, nyaya za umeme zikiwa karibu kiasi kwamba fimbo ikianguka inaweza kuzifikia, hama. Hapo hakuna mjadala. Chomeka msumari, funga bomba mbili au zaidi kwanza, alafu koili, alafu fimbo. Wengi wanaweka koili chini kabisa kwa sababu ni rahisi kuifikia kwa mkono, lakini sehemu iliyo chini ya koili ndiyo inabeba mkondo mwingi wa umeme na ndiyo inarusha zaidi, kwa hiyo ukiinua koili ikakaa katikati unapata kitu. Usizidishe mpaka antena inainama, upepo wa kusi ukipiga utaona. Kamba tatu za nailoni zilizofungwa chini kidogo ya koili zinatosha.

Radiali. Zikiwa zimelala ardhini hazihitaji kukatwa urefu maalum, udongo wenyewe unaziharibia hesabu, kinachotakiwa ni wingi. Kama una mita 50 za waya, usikate vipande vitano vya mita 10, kata kumi na sita vya mita 3 hivi, tandaza pande zote kama mionzi ya jua. Waya wowote unafaa, waya wa spika, waya wa simu ya zamani, ule utepe wa nyaya kumi unaokuja na antena unaweza ukauchana ncha zikatawanyika. Kila mwisho wa ndani unashikana kwenye pete moja ya bati au boliti inayogusa upande wa nje wa konekta ya kebo. Hapo pagusane kweli, skurubu ilegee kidogo tu na jioni nzima imeharibika.

Ngoja nionyeshe kwa namba kwa nini napiga kelele hivi. Ni makadirio, lakini yako karibu na hali halisi. Kwenye mita 40 hiyo fimbo ya mita 3.8 ina ukinzani wa kurusha (sehemu inayogeuka mawimbi hewani) kama omu 3.5. Koili tuseme inakula omu 4. Udongo mkavu wenye waya mbili tu unaweza ukala omu 30. Jumla 37.5, redio yako inataka 50, kwa hiyo SWR ni 1.3, safi kabisa! Lakini kinachoruka hewani ni 3.5 kati ya 37.5, ukiingiza wati 20 zinatoka kama wati 2 basi. Ongeza waya mpaka udongo ushuke omu 10, jumla inakuwa 17.5, SWR inapanda karibu 2.9, mtu asiyejua anaona ameharibu antena, kumbe sasa zinatoka wati 4, umezidisha mara mbili bila kununua chochote. Ndio maana nasema SWR ndogo haimaanishi antena nzuri. Ukiongeza radiali SWR ikapanda, shangilia, alafu iache antena tuna, kile kifaa cha kulinganisha antena na redio, imalizie (redio ya Xiegu G90 inayo ndani), na kwa kebo ya mita 5 au 10 upotevu wa ziada kwenye HF ni mdogo, usiumize kichwa.

Penye mawe, kama juu Usambara au Uluguru ambako hata msumari hauingii, badilisha njia. Inua radiali mbili au nne zikae nusu mita mpaka mita moja juu ya ardhi, zifunge kwenye vichaka au vijiti. Hizi za juu ndio zinataka urefu wa robo wimbi, mita 5 kwa bendi ya mita 20, na mbili nzuri zinafanya kazi ya nyingi za ardhini. Kumbuka ncha zake zina volti nyingi ukirusha, zisiguswe.

Kwenye kebo, karibu na antena weka choki (kizuizi cha mkondo unaopita nje ya kebo), la sivyo nje ya kebo nako kunakuwa radiali na kelele za redio zinaingia, au maiki inakutekenya midomo. Ringi ya feraiti FT240-43 na kebo nyembamba iliyozungushwa raundi kumi hadi kumi na mbili ni nzuri sana. Huna feraiti, zungusha kebo yenyewe raundi kumi zenye upana wa sentimita 15 hadi 20, funga kwa tepu, kwa bendi za mita 20 kwenda juu inasaidia.

Kutyuni, yaani kurekebisha antena ifuate masafa unayotaka, kunawachanganya wengi na si kugumu. Washa redio usikilize kwanza, sogeza ringi ya koili polepole, kuna sehemu kelele za hewani zinapanda ghafla, hapo uko jirani. Alafu ndio chukua NanoVNA (kipimo kidogo cha antena), au kama huna, redio yenyewe kwa wati 5 tu. Tafuta bonde la SWR, pale inaposhuka zaidi, liko masafa gani. Likiwa chini ya unapotaka, antena ni ndefu kiumeme, punguza raundi za koili zinazotumika au ingiza fimbo ndani kidogo. Likiwa juu, fanya kinyume. Raundi moja ya koili ni hatua kubwa, kwa hiyo koili inakufikisha jirani na urefu wa fimbo unamalizia, sentimita mbili tatu kila mara. Ondoa mkono na urudi nyuma mita mbili kabla ya kusoma, mwili wako unabadilisha kila kitu. Ukimaliza weka alama ya maka kwenye koili kwa kila bendi, safari ijayo ni dakika moja. Mita 40 bonde ni jembamba sana, ukihama kutoka 7.074 ya FT8 (ujumbe wa kidijitali kupitia kompyuta) kwenda 7.150 ya kuongea lazma utyuni tena.

Kujua kama inasikia vizuri, kuna njia ambayo naipenda kuliko zote. Nenda megahezi 14.100 ukiwa kwenye CW (mlio wa mosi), kuna bikoni (vituo vinavyotuma ishara vyenyewe) 18 za dunia nzima zinapokezana kila moja sekunde 10, duru nzima inaisha kwa dakika 3, na moja wapo ni ya hapa hapa kwetu, 5Z4B ya Kenya. Kila bikoni inataja kolsaini kwa wati 100 alafu inapiga mlio mrefu mara nne, wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne 0.1. Kwa hiyo wewe unakaa unahesabu umesikia milio mingapi kutoka ZS6DN ya Afrika Kusini au 4S7B ya Sri Lanka, unaongeza radiali nane, unasubiri duru mbili tatu, unahesabu tena. Hali ya hewani inapanda na kushuka kwa hiyo usihukumu kwa duru moja, na baadhi ya bikoni siku nyingine zinakuwa kimya. Ziko pia 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kwa upande wa kurusha, tuma WSPR (ishara ya kidijitali ya nguvu ndogo) kwenye 14.0956 au ita FT8 kwenye 14.074, alafu angalia mtandaoni kwenye ramani ya WSPRnet au PSK Reporter nani kakusikia, hapo antena inajieleza yenyewe.

Na sasa pwani, hapa ndipo antena hizi zinapokuwa na raha ya ajabu. Maji ya chumvi yanapitisha umeme mara maelfu kuliko mchanga mkavu, na antena ya wima ikiwa karibu na maji mawimbi yake yanatoka chini chini kuelekea upeo wa macho, pembe ambayo ndiyo inafika mbali. Simamisha Bagamoyo, Pangani, Kilwa au Jambiani kwenye mchanga uliolowa, mita chache kutoka majini, radiali nyingine zielekeze baharini, na wati 10 zako zitasikika mahali ambapo kule bara ungehitaji 100. Ila jua maji yako. Siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa karibu saa sita, ukijipanga wakati wa kupwa kwenye ufukwe mtambarare utajikuta unakimbiza betri. Mimi naona bora kuanza maji yakiwa yamejaa na yanaanza kutoka, unakuwa na mda mrefu wa kuyafuata badala ya kukimbia. Maji mafu nayo yana raha yake, hayahami sana.

Watoto watakuja kuangalia, hilo Pwani haliepukiki, wakaribishe wasikilize lakini chora duara kwenye mchanga mita mbili au tatu kutoka kwenye fimbo na usibonyeze maiki mtu akiwa ndani. Ncha ya fimbo hata kwa wati 20 inaunguza kidole. Na ngurumo ikisikika hata kwa mbali, chomoa kebo, laza antena, ondoka hapo, msimu wa masika na watu wa kando ya Ziwa Victoria wanajua sihitaji kueleza zaidi.

Saa za kuandika kwenye logi (daftari la mawasiliano) ni UTC, saa za dunia, toa tatu kwa saa za Afrika Mashariki, saa moja usiku unaandika 16:00. Ukiwa Unguja au Pemba taja, kuna watu wanakusanya visiwa na watapanga foleni, kwenye orodha yao ya IOTA Unguja ni AF-032. Ukishaona foleni imekushinda kwa wati chache, taja tarakimu moja, wenye hiyo tarakimu kwenye kolsaini waite na wengine watasubiri.

Kama ulipo kuna miti mirefu miwili, sitakuficha, waya wa nusu wimbi wenye urefu wa mita 20 uliolishwa mwishoni na transfoma ya 49 kwa 1 utaishinda hii fimbo kwenye mita 40, tena kwa pesa kidogo. Fimbo inashinda ufukweni, juu ya kilele kisicho na mti, kwenye paa la nyumba ya kupanga, na pale unapotaka kuwa hewani ndani ya dakika kumi.

Ukirudi kutoka baharini, siku hiyo hiyo, suuza kila kipande kwa maji baridi ya bomba, koili hasa, chumvi ikikauka kati ya raundi inavuja umeme na inakula bati. Fimbo ya stenlesi na bomba la alumini zikikaa pamoja na chumvi zinashikana hazifunguki, kwa hiyo fungua nyuzi zote, futa, zikauke, paka grisi kidogo sana. Fimbo ivute yote uifute kabla hujaikunja, ukiikunja na mchanga ndani itakwama na ukilazimisha itapinda.