Namna ya Kuendesha Shamba Darasa

Mkulima huamini zaidi anachokiona shambani kuliko anachoelezwa ukumbini, na juu ya msingi huo ndipo liliposimama shamba darasa, yaani kikundi cha wakulima wanaojifunza pamoja kwenye shamba moja tangu kupanda hadi kuvuna. Utaratibu huu ulianza Indonesia mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), baada ya mpunga kushambuliwa na mdudu mdogo wa kahawia aliyezidi kuongezeka kwa sababu dawa zilizopulizwa ziliwaua buibui na maadui wake wengine.

Kusanyeni wakulima 20 hadi 30 wa zao moja na mkubaliane tatizo moja la kuchunguza. Gaweni shamba vipande viwili, kimoja kilimwe kama ilivyozoeleka na kingine kwa njia mnayoijaribu. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea: hubadilisha mbegu, mbolea na nafasi kati ya mimea kwa mpigo, kisha mavuno yakiongezeka hakuna ajuaye sababu. Badilisheni jambo moja tu, na mengine yote yafanane, hata siku ya kupanda na ya kupalilia.

Kutaneni kila wiki, asubuhi, mkiwa katika makundi ya watu watano hivi. Kila kundi likague mimea kadhaa iliyochaguliwa bila kupendelea, likihesabu majani, wadudu waharibifu na wadudu rafiki, yaani wanaokula waharibifu, kisha likae kivulini na kuyachora yote kwenye karatasi kubwa. Kuchora huweza kuonekana mchezo wa watoto, lakini humpa nafasi asiyejua kusoma, na mabishano hubaki juu ya kilichoonekana.

Mkishindwa kukubaliana kama mdudu fulani ni adui au rafiki, mtieni katika chupa ya kioo pamoja na jani na wadudu waharibifu waliohesabiwa, mfunike kwa kitambaa chepesi, na kesho yake mhesabu waliobaki. Akionekana akila jani, jibu mnalo: ni adui. Wakipungua wale waharibifu, jibu mnalo pia: ni rafiki.

Mwezeshaji, awe afisa ugani au mkulima mwenzenu, asigeuke mhadhiri. Akiulizwa, “Huyu ni mdudu gani?” naye aulize, “Umemkuta wapi, na alikuwa akifanya nini?” Kwa maoni yangu, anayeshindwa kuvumilia ukimya unaofuata swali hilo hafai kazi hii.

Andikeni gharama na siku za kazi za kila kipande, kwa kuwa mavuno makubwa yaliyomeza nguvu nyingi yanaweza kuwa hasara. Kabla ya kuvuna, waalikeni majirani, na wanachama wenyewe waeleze kila kipande, pamoja na kilichoshindwa. Maswali ya wageni yaandikwe, maana humo hupatikana tatizo la kuchunguzwa msimu ujao.