Jinsi ya kuzuru Les Buissonnets, nyumba ya utotoni ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu

Kosa kubwa la mahujaji wa Lisieux, mji wa Normandi nchini Ufaransa ilipo nyumba hii, hufanyika wakiwa bado na mabegi mkononi. Ukishuka treni, kinachokupokea ni Basilika kubwa nyeupe juu ya kilima, na miguu yenyewe inaelekea huko. Saa tatu baadaye watu wamechoka, wamekula, ndipo wanakumbuka kwamba kuna nyumba. Wanaikuta imefungwa kwa mapumziko ya mchana, au wanapita vyumbani mbio mbio na kutoka wakisema wameona viti vya zamani tu. Teresia hakuwahi kuiona Basilika hiyo: alifariki 30 Septemba 1897, na ujenzi ulianza 1929. Nyumba ndiyo iliyomlea. Anza nayo.

Mambo ya kujua kabla ya kufika

Teresia Martin alizaliwa Alençon tarehe 2 Januari 1873, mtoto wa mwisho kati ya tisa. Waliokua ni mabinti watano. Mama yao, Zélie, alifariki Agosti 1877 kwa saratani ya titi. Mjomba wao Isidore Guérin, mfamasia wa Lisieux, akamtafutia shemeji yake nyumba karibu na ndugu, na Novemba mwaka huo huo familia ikahamia. Teresia hakuwa ametimiza miaka mitano. Aliondoka hapo 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15, kuingia monasteri ya Wakarmeli mjini humo humo. Ilikuwa nyumba ya kupanga. Baba yao Louis hakuwahi kuimiliki.

Hakuna haja ya kukariri zaidi ya hapo, ila soma sehemu ya utoto katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe. Kama mnakwenda kikundi, isomeni kwa zamu kwenye jumuiya wiki chache kabla. Asiyejua lililotokea ngazini ataona ngazi tu.

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), inayoombwa kwa Ufaransa ikiwa huko ndiko atakakokaa siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Usisubiri hizo 15. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kwa kikundi, barua ya parokia na uthibitisho wa malazi viwe na majina yote yalivyoandikwa kwenye pasipoti, maana “Maria T. Joseph” upande mmoja na “Maria Teresia Joseph” upande mwingine huzaa maswali yasiyo ya lazima. Padre anayetaka kuadhimisha Misa abebe barua ya utambulisho kutoka kwa askofu au mkuu wa shirika lake, na aombe altare na muda mapema kwa ofisi ya hija.

Siku nzuri ni ya katikati ya wiki, Mei au Juni. Karibu na sikukuu yake, 1 Oktoba, mji hujaa watu na kuna maandamano ya masalia. Ukitaka shangwe, nenda wakati huo. Ukitaka kusimama kimya chumbani dakika tano, usiende. Majira ya baridi saa za kufungua hupungua, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya patakatifu pa Lisieux wiki hiyo hiyo ya safari.

Kutoka Paris

Treni za Lisieux zinatoka stesheni ya Saint-Lazare, kwenye njia za Caen na Trouville-Deauville. Safari ni chini kidogo ya saa mbili. Wengi wanaotua uwanja wa Charles de Gaulle hupanda RER B, treni ya jiji, hadi stesheni ya Gare du Nord, wakaanza kutafuta treni yao hapo hapo. Haipo. Ukishuka Gare du Nord, fuata vibao vya Magenta kwa miguu, ndani kwa ndani, panda RER E kituo kimoja tu hadi Haussmann–Saint-Lazare. Kumbuka pia kwamba ratiba huandikwa kwa saa 24: 08:10 ni saa 2 na dakika 10 asubuhi. Kuna watu wameachwa na treni kwa hesabu hiyo tu.

Kutoka stesheni ya Lisieux hadi Les Buissonnets ni kama nusu saa kwa miguu, ukikatiza katikati ya mji, na mwisho kuna mpando. Wazee wachukue teksi kwenda na warudi kwa miguu, maana kurudi ni mteremko. Vaa viatu vya soli laini na ubebe koti la mvua hata Julai. Hiyo ni Normandi. Mzigo uache kwenye malazi. Ermitage Sainte-Thérèse, nyumba ya mahujaji, iko jirani na Karmeli.

Ndani ya nyumba

Tenga dakika 45. Vyumba ni vidogo, hivyo kikundi cha watu 40 kigawanywe mafungu ya watu 10 au 12: fungu moja ndani, mengine bustanini. Mkiingia wote, wa nyuma wataona migongo tu. Ghorofani ni kwa ngazi. Asiyeweza kupanda abaki chini na bustanini, na hajakosa kilicho kikuu. Fuata alama za kutopiga picha. Vitu viko nyuma ya vizuizi, kwa hiyo usinyooshe mkono kugusisha rozari.

Chumba cha kulia ndicho cha kukaa muda mrefu kuliko vyote. Tazama mahali pa moto. Usiku wa Noeli 1886, familia iliporudi kutoka Misa ya usiku, viatu vya Teresia vilikuwa hapo vikisubiri zawadi, kama ilivyo desturi ya watoto wa Ufaransa. Alibakiza siku nane kutimiza miaka 14. Alipokuwa akipanda ngazi kwenda kuvua kofia, alimsikia baba yake, aliyechoka, akisema afadhali huu ni mwaka wa mwisho wa mambo haya. Dada yake Selina aliyaona machozi, akamsihi asishuke kwanza. Teresia, ambaye kwa miaka alikuwa mtoto wa kulia kwa neno dogo, aliyameza machozi, akashuka mbio, akafungua zawadi mbele ya baba yake akicheka. Mwenyewe aliuita usiku huo wongofu wake. Sasa simama penye viatu, kisha geuka kuelekea ngazi. Nyumba hii haina umbali: neno la chini linasikika juu. Ndiyo maana likamchoma, na ndiyo maana hakupata nafasi ya kujificha.

Juu kuna chumba alichougulia mwaka 1883. Dada yake Paulina, aliyekuwa mama yake wa pili, alikuwa ameingia Karmeli Oktoba 1882, na mtoto akaugua ugonjwa ambao madaktari hawakuuelewa. Tarehe 13 Mei, dada zake wakisali mbele ya sanamu ya Bikira Maria, aliona Bikira akimtabasamulia, akapona. Sanamu unayoiona chumbani ni nakala; ile yenyewe iko kwenye kikanisa cha Karmeli, juu ya kaburi lake. Jua hilo mapema, usije ukamaliza sala zako zote hapa.

Vitu vyake vya kuchezea na vya shule vipo pia. Watoto huvipenda. Watu wazima huvipita haraka, na si kosa.

Bustani

Zunguka nyuma. Kuna sanamu za Teresia na baba yake wameketi. Jumapili ya Pentekoste, 29 Mei 1887, alimwomba ruhusa ya kuingia utawa. Baba alilia, akakubali, kisha akachuma ua dogo jeupe ukutani na kumpa. Lilitoka na mizizi yake yote, naye akalielewa hivyo: anang'olewa ili apandwe kwingine. Baadhi ya mahujaji huchuma majani hapa kama kumbukumbu. Kwa wingi wa wageni, bustani haihimili. Acha.

Baada ya nyumba

Rudi mjini kwa mpangilio wa maisha yake: Kanisa la Mtakatifu Petro, ambako familia ilisali, Karmeli, lilipo kaburi, mwisho Basilika, ambako masalia ya wazazi wake, waliotangazwa watakatifu pamoja 18 Oktoba 2015, yamewekwa kwenye kanisa la chini. Nia za Misa, mishumaa na vitu vya kubarikiwa vipeleke Karmeli au Basilika, si Les Buissonnets. Uwe na sarafu za euro mfukoni.

Usijaribu Lisieux na Alençon siku moja kwa treni. Utabadilisha Mézidon, na ukikosa ya kuunganisha, siku imekwisha. Alençon ipe siku yake: nyumba alimozaliwa iko rue Saint-Blaise namba 50, na kutoka kwenye kikanisa kilichojengwa ubavuni mwake unaona chumba chenyewe. Semallé, alikolelewa na mnyonyeshaji Rose Taillé kwa mwaka mmoja hivi alipokuwa mchanga, iko nje ya mji. Kikundi chenye gari ndicho kinachoifikia kwa raha.