Soma karatasi ya bima ya gari kabla hujatoa hela

Mimi nakatia watu bima hapa Tanga, wengi ni wa bodaboda, bajaji na Noah, na kinachoniuma ni mtu kulipa hela yake afu siku ya ajali ndo anaambiwa hiki hakimo. Kwaiyo shika karatasi yako twende.

Hatua ya 1: aina ya bima. Bima ndogo, ile ya thedi pati, ndo sheria inakulazimisha uwe nayo, na inamlipa uliemgonga, sio wewe. Umeparamia bajaji ya watu pale Chumbageni, mwenye bajaji na abiria wake watafidiwa, taa yako iliyopasuka tengeneza mwenyewe. Bima kubwa inalipa huku na huku, na wizi na moto kwa kawaida vimo.

Hatua ya 2: thamani uliyoandikisha. Hapa ndo watu wanalia jamani. Gari linauzwa milioni 20, we ili premiamu (hela unayolipia bima) ishuke unaandikisha milioni 10, ukipata hasara ya milioni 4 kampuni inaweza kukupa milioni 2 tu, maana umekatia bima nusu gari. Bado kuna eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, ikiwa laki 5 basi unaondoka na milioni moja na nusu. Na ukiandikisha kubwa kuliko bei ya gari hupati cha juu, unalipia premiamu ya bure.

Hatua ya 3: matumizi. Imeandikwa binafsi na we unapakia abiria wa Muheza kwa nauli? Dai linaweza kukataliwa.

Hatua ya 4: hakiki kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, kwa namba ya gari, uone kampuni na tarehe ya mwisho. Fanya hapohapo wakala akiwa mbele yako, wakala mkweli hachukii.

Hatua ya 5: ajali ikitokea. Majeruhi kwanza, wakimbizwe hospitali ya Bombo, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) ishughulikiwe polisi. Piga picha, ita trafiki, ijulishe kampuni mapema. Ila usimwambie mtu palepale barabarani "kosa langu, ntakulipa", hata ukiwa na huruma kiasi gani, mikataba mingi inakataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni, na wanaweza kulikataa dai kwa hilo.

Wakilikataa, dai sababu kwa maandishi, na kama hujaridhika ipeleke barua hiyo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.