Kabla hujauza hisa kwa shida: hesabu za mstaafu mmoja

Nilipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo niliiingiza kwenye hisa za kampuni tano. Nikajiona mjanja. Mke wangu akavaa miwani, akachukua karatasi ya dalali na kusoma kwa sauti: "Benki, benki, bima, benki, kampuni ya mikopo. Mbona hiki ni kitu kimoja chenye majina matano?" Haukupita muda, wakopaji wakaanza kushindwa kulipa, na zote tano zikaporomoka pamoja.

Kwa hiyo anza na orodha yako. Mbele ya kila hisa andika jambo moja tu: nini kitaiangusha? Jibu likijirudia-rudia, hujatawanya pesa zako bado, hata kama una kampuni ishirini. Mfuko wa pamoja (pesa za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja) unaofuata soko zima hupunguza kazi hii (uliza ada yake ya mwaka kabla ya kutia saini), ila soko la nchi moja nalo huweza kulala usingizi mrefu. Fahirisi ya Nikkei ya Japani, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilifika kileleni Desemba 1989, na kilele hicho hakikupitwa hadi Februari 2024. Aliyestaafu siku ile akiwa na miaka 60 angekuwa ametimiza 94.

Sasa jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa. Kijana bei ikishuka anasubiri. Sisi tunachota kila mwezi. Chukua fungu la 100, na kila mwisho wa mwaka utoe 5. Mwaka wa kwanza soko lishuke asilimia 30, wa pili lipande 10, wa tatu lipande 30: unabaki na 81.45. Geuza mpangilio, ile 30 ya kupanda itangulie na ya kushuka ije mwisho: unabaki na 87.75. Kama hukuchota kitu, njia zote mbili zinakufikisha palepale, 100.1. Tofauti yote imetokana na kuuza wakati bei iko chini.

Dawa yake ni kutolazimika kuuza. Piga hesabu ya matumizi ya mwezi, toa pensheni, upate pengo. Langu nimelizidisha kwa miezi 60. Pesa za miaka miwili ya mwanzo ziko kwenye akaunti ya akiba na amana za muda maalumu; za miaka mitatu inayofuata ziko kwenye hatifungani za serikali (mkopo unaoipa serikali nayo ikulipe riba), kila moja ikiiva, yaani kurudisha pesa yangu, mwaka nitakaoihitaji. Kinachobaki ndicho kiko kwenye hisa. Wengine huona miaka mitano ni woga. Lakini fahirisi ya S&P 500 ya Marekani ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, na kile kiwango cha zamani ikakirudia mwaka 2013.

Nasisitiza hatifungani ziive kwa wakati wako, maana nazo hushuka bei riba zikipanda. Mwaka 2022 huko Marekani hisa na hatifungani zilishuka pamoja. Ukishikilia mpaka siku ya kuiva, serikali ikilipa, unapata ulichoahidiwa. Anayeumia ni anayeuza njiani. Wala usikimbie hisa kabisa: mfumuko wa bei hula akiba polepole, na ustaafu unaweza kuchukua miaka 30.

Mara moja kwa mwaka, hisa zikiwa zimepanda, nauza kidogo na kujazia fungu la miaka mitano. Zikiwa zimeshuka siuzi; nakula kilichowekwa. Mpango huo nimeuandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Nikitaka kuubadilisha katikati ya mwaka, ni lazima yule mwenye miwani asaini kwanza. Mpaka leo amesaini mara moja tu.