Nyigu wa Vivimbe kwenye Mikaratusi: Kagua Mche Kabla ya Kuulipia

Mkulima anayepanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo, kuni au mbao hana budi kumfahamu nyigu aitwaye Leptocybe invasa, ambaye urefu wa jike lake ni takriban milimita 1.2 tu, na ambaye kwa udogo huo wengi hawamwoni kamwe, bali huona madhara yake. Asili yake ni Australia. Mwaka 2000 aligunduliwa Mashariki ya Kati, mwaka 2002 alikuwa ameshafika Uganda na magharibi mwa Kenya, na mwaka 2005 akaripotiwa Tanzania.

Jike hutaga mayai ndani ya mshipa wa kati wa jani changa, kwenye kikonyo na kwenye vitawi laini. Mti humzingira buu kwa kuotesha uvimbe, nao uvimbe huo huwa nyumba yake na chakula chake. Mwanzoni huwa wa kijani, kisha hugeuka rangi ya waridi inayong'aa, kisha mwekundu, na mwishowe wa hudhurungi wenye matundu madogo ya mviringo. Ukiyaona matundu hayo, elewa kwamba nyigu wameshatoka na wanatafuta majani mapya. Tangu yai hadi nyigu kamili hupita miezi minne au zaidi. Jike huweza kuzaa bila dume, kwa hiyo mche mmoja wenye buu unatosha kuanzisha ukoo mzima shambani.

Huko Ulaya na Amerika Kaskazini wapo nyigu wa familia nyingine wanaotengeneza vivimbe kwenye mialoni, na kwa kawaida mwaloni mkubwa huvistahimili bila kudhoofika. Mfano huo usitufariji. Mkaratusi mchanga ukishambuliwa sana, majani hujikunja, ncha hudumaa, shina hupinda, na miche ya kitaluni huweza kufa; mti uliopinda hauwezi kuuzwa kama nguzo hata ukipona baadaye.

Kwa kuwa mdudu huyu husafiri zaidi ndani ya miche, ulinzi wa kweli huanzia kitaluni. Geuza majani ya juu uyatazame upande wa chini, papasa vikonyo kwa vidole, na ukikuta uvimbe hata kwenye miche michache, usinunue fungu hilo. Mwenye kitalu aing'oe miche ya namna hiyo na kuichoma kabla vivimbe havijatoboka, na asiweke kitalu karibu na machipukizi ya visiki vya mikaratusi, kwani majani yake laini ndiyo yanayopendwa na nyigu. Eucalyptus camaldulensis na Eucalyptus tereticornis hushambuliwa sana, na baadhi ya mahuluti, yaani machotara, ya camaldulensis na Eucalyptus grandis pia. Uliza jina la aina kabla ya kuuliza bei.

Kupulizia dawa shamba zima ninakupinga waziwazi. Buu amejifungia ndani ya mti ambako dawa ya juu ya jani haimfikii, ilhali dawa hiyo huwaua nyigu wengine wadogo wanaomshambulia buu humo humo ndani ya uvimbe, kama vile Selitrichodes neseri, aliyeachiliwa Afrika Kusini mwaka 2012 kwa kazi hiyo.

Ukiona vivimbe shambani, kata kitawi kimoja, kitie ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana ili nyigu wasitoroke njiani, andika miche ilinunuliwa lini na wapi, kisha umpelekee afisa ugani au afisa misitu wa eneo lako.