Jinsi ya Kuutembelea Mji wa Kraków kwa Miguu

Mji wa Kraków, uliokuwa makao ya wafalme wa Polandi hadi mwishoni mwa karne ya 16, hauhitaji gari, na atakayeufaidi zaidi ni mgeni anayeuingia kwa njia waliyoingilia wafalme wenyewe. Kwa hiyo anzia kaskazini, kwenye ngome ya mviringo iitwayo Barbakan, upite chini ya Lango la Floriańska, kisha uufuate mtaa ulionyooka mpaka uwanja mkuu, Rynek Główny. Sehemu kubwa ya kuta za mji ilibomolewa katika karne ya 19, na mahali pake pakapandwa bustani ya Planty inayouzunguka mji mkongwe. Ukichoka, pumzika humo, ukiwa na obwarzanek mkononi, mkate wa duara unaouzwa kwenye vibanda vya mitaani.

Uwanja huo ulipimwa mwaka 1257, na kila upande wake una takriban mita 200. Katikati limesimama Sukiennice, soko la kale la wauza vitambaa, na kwenye pembe moja lipo Kanisa la Bikira Maria lenye minara miwili isiyolingana. Kila saa inapotimia, askari wa zimamoto hupiga tarumbeta kutoka mnara mrefu kuelekea pande nne, na sauti hukatika ghafla kabla wimbo haujaisha. Wenyeji husimulia kwamba hapo kale mlinzi alichomwa mshale kooni alipokuwa akiwaonya watu kuhusu uvamizi wa Watatari. Uwe umekwisha kuingia kanisani muda mfupi kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa ndipo yanapofunguliwa mabawa ya altare iliyochongwa kwa mbao na Veit Stoss kati ya 1477 na 1489. Jongea mbele kadiri unavyoruhusiwa, uzitazame nyuso na mikono ya mitume mmoja baada ya mwingine. Kama una nusu siku tu mjini, itumie hapa.

Kutoka uwanjani, mtaa wa Grodzka unakupeleka hadi kilima cha Wawel. Tiketi za vyumba vya kasri huuzwa kwa idadi maalumu, basi zinunue mapema. Ndani ya kanisa kuu la kilimani wamezikwa wafalme wengi, na katika kaburi la chini ya ardhi la Mtakatifu Leonardo ndipo Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, alipoadhimisha misa yake ya kwanza mwaka 1946. Waumini wetu wanaozikumbuka ziara zake za Kenya na Tanzania bila shaka watapenda kusimama hapo kidogo.

Siku ya pili itenge kwa Kazimierz, mtaa ambao Wayahudi waliishi kwa karne nyingi, ukaione Sinagogi ya Remuh na makaburi yake ya kale. Kisha uvuke mto Vistula kwa daraja la waenda kwa miguu hadi Podgórze, ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi wa mji katika geto, yaani mtaa uliozungushiwa ukuta, kuanzia 1941 hadi 1943, walipowaua baadhi yao na kuwapeleka waliobaki makambini. Kwenye Uwanja wa Mashujaa wa Geto vimepangwa viti vikubwa vitupu, kwa kumbukumbu ya waliokusanywa hapo na vyombo vyao. Pembeni mwa uwanja kuna duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi aliyeendelea kufanya kazi ndani ya geto na kuwasaidia waliofungiwa. Ni makumbusho madogo, lakini yaingie kabla ya kwenda kwenye kiwanda kilicho karibu cha Oskar Schindler, Mjerumani aliyewaokoa Wayahudi waliomfanyia kazi, ambacho huvuta watu wengi zaidi. Nenda polepole, na usipige picha za kujionyesha ukiwa umekalia viti vile.

Ukiwa na siku ya tatu, panda treni hadi mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Chukua sweta hata wakati wa kiangazi, na uvae viatu imara, kwa sababu ngazi za kushukia peke yake ni zaidi ya 300 kabla hujafika ghorofa ya kwanza, na kanisa la Mtakatifu Kinga, ambalo hata sanamu zake zimechongwa katika chumvi, liko chini zaidi ya hapo.