Ukipigiwa simu kwamba figo imepatikana

Kaka yangu alinipigia alfajiri, saa kumi na moja hapa Malindi, kule Ohio ikiwa saa tatu ya usiku. Figo imepatikana, ya mtu wa miaka 58 aliyefariki kwa kiharusi, na jibu linatakiwa usiku uleule. "Mdogo wangu, hii ni figo ya mzee. Niiache?" Mimi ni muuguzi, nimehudumia wagonjwa wa kusafishwa damu miaka kumi na moja. Nikamwambia ashike kalamu kwanza. Nawaandikia tuliyouliza, kwa kuwa wengi wetu Pwani tuna ndugu Marekani walio kwenye foleni ya kungoja figo. (Huku Kenya figo hutolewa na jamaa walio hai, ingawa Sheria ya Afya ya 2017 inatambua kutoa kiungo baada ya kufa.)

Uliza kwanza KDPI. Ndiyo alama ya Marekani ya kupimia figo ya marehemu: umri wake, urefu na uzito, presha, kisukari, kilichomuua, kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo; ikipanda, figo imelemewa), na kama moyo ulisimama kabla figo hazijatolewa. Ndogo ndiyo nzuri. Figo ya alama 20 inatarajiwa kudumu kuliko figo 80 katika kila 100. Ikizidi 85, mgonjwa lazima awe ametia sahihi kuikubali. Ya kaka ilikuwa 78.

Msiishie hapo. Marehemu baba yetu alipotaka kununua mashua iliyotumika, hakuuliza umri wake tu; aliinama karibu na mkuku akadungadunga mbao kwa kisu. Umri hupunguza vichujio vya figo kwa kila mtu, lakini presha isiyotibiwa na kisukari cha miaka mingi huvila upesi zaidi. Kwa hiyo: alikuwa na presha miaka mingapi, na dawa alikuwa akimeza? Figo ilikatwa kipande kikatazamwa kwa hadubini? Vichujio vingapi vimekuwa makovu?

Kreatinini ulizeni mbili, ya siku aliyolazwa na ya mwisho. Hapa wengi hukataa figo nzuri. Akiwa alilazwa na 0.9, kiwango cha kawaida, kisha ikapanda hadi 3 siku za mwisho, figo imepata mshtuko, na mshtuko huo mara nyingi hupona ndani ya mwili mpya. Iliyokuwa juu tangu zamani ni habari nyingine kabisa.

Saa za barafu pia. Kadiri figo inavyokaa nje ya mwili ndivyo inavyochelewa kuanza kazi, na ya mtu mzima sana haivumilii baridi kama ya kijana.

Halafu mgonjwa ajitazame mwenyewe. Kijana wa miaka 25 ana sababu ya kungoja. Kaka alikuwa na 61, minne akisafishwa damu kwa mashine, na mashine huuchosha moyo. Figo za alama 20 kushuka hutangulizwa kwa wanaotarajiwa kuishi nazo muda mrefu, zisingemfikia yeye. Kwa mtu wa umri wake mahali penye foleni ndefu, hata figo iliyozidi 85 kwa kawaida humpa maisha marefu kuliko kuikataa na kuendelea kungoja. Ningempa yangu, lakini mimi nina kisukari.

Alikubali. Figo ililala siku tisa, akasafishwa damu mara tatu. Siku ya kumi wifi yangu akaniandikia: mkojo lita moja na nusu. Mwambieni mgonjwa wenu kabla hajaingia chumba cha upasuaji kwamba figo ya namna hii huweza kulala, na kulala si kufa. Kaka siku ya nne alikuwa amegeukia ukutani, hataki kusema na mtu, kwa sababu hilo mimi sikumwambia.